Fundi wa Makufuli na Maji ya Ubongo

Wahenga walinena kwamba riziki ni kama ajali, huitambui ijapo. Maneno haya aghalabu hutajwa pale mtu apatapo mali asiyoitazamia. Lakini yanayo maana nyingine iliyo nzito zaidi. Kazi ya maisha ya mtu haimjii sikuzote kwa njia ya shule, wala haitangulizi cheti mbele yake kama mgeni atangulizavyo salamu. Mara nyingine huja na msiba, ikamkuta mtu katika kazi nyingine kabisa, ikamwondoa humo pasipo kumwuliza. Historia ya tiba katika karne ya 20 inayo mifano mingi ya jambo hili, na mmoja ulio wazi ni habari za vali ndogo ya kutolea maji katika vichwa vya watoto. Vali hiyo ilikamilishwa na fundi wa kiwanda cha makufuli huko Marekani. Miaka michache baadaye ikatengenezwa kwa namna nyingine huko Uingereza na fundi wa injini za ndege za kuchezea, daktari mpasuaji, na mtunga hadithi aliyepata kukaa Dar es Salaam. Mwisho kazi ya watu hao ikatiwa katika mizani upya katika mji wa Mbale, Uganda.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Waswahili huuita kichwa maji, na wengine kichwa kikubwa. Ndani ya ubongo wa kila mwanadamu mna vyumba vinne vyenye maji safi yasiyo na rangi. Maji hayo hutengenezwa humo humo mchana na usiku, kiasi cha nusu lita kwa siku katika mtu mzima. Hupita katika njia nyembamba, yakauzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha yakanywewa na damu. Maadamu yanayotengenezwa na yanayonywewa yanalingana, mtu haoni lolote. Njia ikiziba, maji hujaa. Fuvu la mtu mzima haliwezi kutanuka, kwa hiyo ubongo hubanwa mara moja. Lakini mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijashikana bado, basi kichwa hupanuka, utosi huvimba, mishipa ya ngozi hutokeza, na macho huelekea chini. Wako watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu, hasa walio na mgongo wazi. Wako na wanaoupata baada ya damu kuvuja katika ubongo au baada ya kuugua maambukizo.

Dawa ya kunywa ya kuuponya haikupatikana. Madaktari walijua kwamba maji hayana budi kutolewa. Shida ilikuwa yapelekwe wapi, na kwa chombo gani. Njia moja iliyotumainiwa ilikuwa kuyapeleka kwa mrija katika mshipa mkubwa wa shingo, ili yarudi katika damu kama ilivyo desturi yake. Lakini mrija mtupu ni mlango usio na kitasa: maji hutoka, na damu nayo huingia, ikaganda na kuziba njia. Tena maji yakitoka kwa kasi ubongo hudhurika. Ilitakiwa vali yenye sifa nyingi kwa pamoja, yaani ifunguke kwa kani ndogo, ijifunge yenyewe, isirudishe damu, na ikae mwilini miaka mingi bila kuharibika wala kuuchokoza mwili. Mwaka wa 1949, katika mji wa Philadelphia, madaktari Frank Nulsen na Eugene Spitz walimtia mtoto mmoja vali yenye vigololi vidogo. Kazi yao ilionyesha kwamba jambo hilo lawezekana, walakini chombo cha kutegemewa kwa watoto wengi kilikuwa bado hakijapatikana. Madaktari walijua wanachokitaka, ila hawakuwa na mkono wa kukitengeneza.

Mkono huo ulikuwa wa John Holter. Mtu huyu hakuwa daktari, wala hakusomea elimu ya mwili. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha Yale and Towne, kilichovuma kwa makufuli yake. Mwezi wa Novemba 1955 alipata mtoto wa kiume, jina lake Charles, ambaye nyumbani aliitwa Casey. Mtoto alizaliwa na mgongo wazi, na kichwa chake kikaanza kujaa maji. Alitibiwa Philadelphia na yule Spitz aliyetajwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi: Holter alikaa akitazama sindano zikitiwa katika utosi wa mwanawe mara kwa mara ili kupunguza maji, naye akijua kwamba kila tundu la sindano ni mlango wa maradhi mengine.

Wazazi wengi wangeshika tama na kuomba, na hapana awezaye kuwalaumu. Holter aliuliza. Alitaka kujua kwa nini maji hayatolewi kwa mrija, na alipoambiwa habari za damu kurudi nyuma, aliuliza ni kani kiasi gani inayosukuma maji, na ni kiasi gani inayorudisha damu. Maswali hayo hayakuwa ya mgonjwa kwa tabibu. Yalikuwa maswali ya fundi kwa mteja wake. Spitz naye anastahili sifa ambayo wasimulizi huisahau, kwa maana aliyajibu. Daktari mwenye kiburi angalimwambia mfua vyuma arudi kwenye vyuma vyake, na historia hii isingalikuwapo.

Jibu la kwanza Holter alilipata kwa macho yake mwenyewe wodini. Alimwona muuguzi akichoma sindano katika mpira uliokuwa ukipitisha dawa mwilini mwa mgonjwa. Sindano ilipochomolewa, tundu lilijifunga lenyewe, wala dawa haikuvuja. Wauguzi waliliona jambo hilo kila siku, na madaktari pia. Kwao lilikuwa jambo la kawaida, tena la manufaa, lisilohitaji kufikiriwa. Fundi alilitafsiri kwa lugha ya kazi yake. Mkato mwembamba katika mpira hujifunga wakati kani ya ndani ni ndogo, na kani ikizidi kiasi hufunguka na kupitisha maji kwa upande mmoja. Basi hapakuwa na haja ya vigololi. Mkato wenyewe ulikuwa vali.

Alirudi nyumbani akaanza kutengeneza. Mpira wa kawaida haukufaa, maana moto wa kuulia vijidudu uliuharibu, na mwili nao haukupatana nao. Alitafuta kitu kingine hata akaipata silikoni, ambayo wakati huo ilikuwa ngeni katika kazi za upasuaji. Silikoni ilistahimili moto, haikugeuka, na mwili uliivumilia. Katika mwezi wa Machi 1956, miezi ipatayo minne tu baada ya Casey kuzaliwa, vali ya kwanza ya Spitz na Holter ilitiwa katika mwili wa mtoto. Mtoto huyo hakuwa Casey. Kazi aliyoianza baba kwa ajili ya mwanawe ilimtangulia kumfaa mwana wa mtu mwingine.

Hapa ndipo njia ya Holter ilipogeuka. Angaliweza kuikabidhi vali kwa wengine, akarudi kwenye makufuli. Lakini habari zilienea, madaktari wakaanza kuiagiza, na kila vali ilihitaji kukatwa, kupimwa na kujaribiwa kwa uangalifu usiokubali kosa la unywele. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshika kazi ya kuzitengeneza, akaanzisha kampuni yenye jina lake, na vali zake zikapelekwa katika hospitali za nchi nyingi. Kwa njia hiyo, mtu aliyekuwa akitengeneza vitu vya kufunga milango aliishia kutengeneza kitu cha kufunga na kufungua njia ya maji katika vichwa vya watoto. Casey alifariki mwaka wa 1961, hajatimiza miaka sita. Baba hakuiacha kazi. Jina la mtoto lilibaki katika zawadi ya ukumbusho ambayo chama cha watafiti wa ugonjwa huu hutoa kwa wanaoandika juu yake.

Ama habari ya pili yaanzia mahali pasipodhaniwa. Mwaka wa 1938 kijana mmoja wa Kiingereza, aliyezaliwa Wales kwa wazazi wa Kinorwe, aliletwa Dar es Salaam na kampuni ya mafuta ya Shell. Jina lake Roald Dahl. Alijifunza Kiswahili, akasafiri bara kwa kazi ya mafuta, na vita vilipozuka mwaka wa 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Mwaka wa 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la Libya, naye akavunjika fuvu la kichwa. Baada ya kutoka vitani akawa mwandishi, na vitabu vyake vya watoto vikasomwa duniani kote. Hakuna katika maisha hayo dalili yoyote ya mtu atakayebuni chombo cha upasuaji.

Mwezi wa Desemba 1960 mwanawe Theo, mwenye umri wa miezi minne, alikuwa akisukumwa katika kigari chake mjini New York, teksi ikakigonga. Mtoto alivunjika fuvu, na baada ya muda kichwa kikajaa maji. Alitiwa mrija wenye vali, ikaziba. Akapasuliwa tena, ikaziba tena, na kila ilipoziba macho yalififia na uhai ukawa mashakani. Vali za mkato mwembamba zilikuwa zimeokoa maisha mengi, lakini kwa watoto waliovuja damu ndani ya ubongo zilikuwa na udhaifu: chembe na takataka za damu zilinasa katika mikato. Chombo kilichotokana na mtoto mwenye mgongo wazi hakikumfaa sawasawa mtoto aliyegongwa na gari.

Familia iliporudi Uingereza, Theo alitibiwa London na daktari Kenneth Till wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Dahl alipoelezwa sababu ya kuziba, alimkumbuka mtu aliyemfahamu kwa ajili ya mchezo aliokuwa akiupenda, wa kurusha ndege ndogo za mfano. Mtu huyo, Stanley Wade, alikuwa fundi wa mambo ya maji na mafuta, mwenye ustadi wa kutengeneza injini ndogo za ndege hizo pamoja na pampu zake za mafuta, pampu zilizo ndogo mno na zisizoziba. Dahl aliwakutanisha mafundi wawili, wa chuma na wa mwili, ambao pasipo yeye wasingalijuana kamwe. Till alieleza mahitaji, Wade akatengeneza, naye Dahl akawa mjumbe kati yao, mwenye kuhimiza na kuuliza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Vali waliyoitengeneza iliacha mkato ikatumia visahani viwili vidogo vya chuma, kila kimoja ndani ya nyumba yake, katika ncha za kijibomba kifupi cha silikoni. Maji yakija kutoka juu huvisogeza visahani na kupita; kitu kikitaka kurudi kutoka chini, visahani hukaa mahali pake na kuziba njia. Mwaka wa 1962 ilitumiwa kwa mtoto kwa mara ya kwanza, na mwaka wa 1964 Till alieleza habari zake katika jarida la madaktari la The Lancet. Watatu hao walikubaliana kutochukua faida yoyote, na vali iliuzwa kwa bei iliyo chini sana ya bei ya vali nyingine. Hukadiriwa kwamba watoto wapatao 3,000 walitiwa vali hiyo kabla ya nyingine bora kuchukua nafasi yake. Theo hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amepata nafuu kabla vali haijawa tayari, naye akakua bila kuihitaji.

Mambo mawili hufanana katika habari hizi, na moja hutofautiana. Hufanana kwa kuwa kila mara aliyeleta jibu alikuwa na ujuzi uliokwisha iva katika kazi nyingine. Holter hakuanza kujifunza ufundi siku Casey alipougua. Mkono wake ulikuwa umezoea vyombo vidogo vyenye kufunga na kufungua kwa miaka mingi. Wade hakuanza kufikiri juu ya pampu siku Dahl alipomjia. Riziki ilikuja kama ajali, lakini ilimkuta mtu aliye tayari. Hufanana pia kwa kuwa palikuwa na daktari aliyekubali kufundisha na kufundishwa. Hutofautiana kwa mwisho wake: Holter alihama kazi moja kwa moja, akaifanya vali kuwa riziki yake, Dahl alirudi kwenye vitabu vyake. Wako wanaomsifu wa pili kwa kukataa faida na kumtazama wa kwanza kama mfanya biashara. Hukumu hiyo ina haraka. Chombo kinachotiwa mwilini huhitaji mtu wa kukitengeneza kesho na mwaka ujao kwa uangalifu ule ule, na mtu huyo hana budi kula. Bila karakana ya Holter, vali yake ingalibaki kuwa hadithi ya baba mmoja na mwanawe.

Habari ya tatu ni ya Afrika ya Mashariki, nayo huzitia hizo mbili katika majaribio. Mwaka wa 2000 daktari Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alihamia Mbale pamoja na familia yake, kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE. Huko aliona kwamba zaidi ya nusu ya watoto wenye kichwa maji walioletwa kwake waliupata ugonjwa kwa sababu ya maambukizo waliyoyapata wakiwa wachanga. Aliona pia jambo ambalo Philadelphia na London halikuwa na uzito huo. Mrija huziba, hilo lilijulikana tangu zamani. Mtoto wa mjini, mwenye hospitali karibu, mrija wake ukiziba hupelekwa upesi na kupasuliwa tena. Mtoto wa kijijini, ambaye mama yake huhitaji siku mbili za safari na nauli isiyopatikana, mrija wake ukiziba hufa njiani. Chombo kilekile kilichokuwa uhai mahali pamoja kilikuwa deni la hatari mahali pengine.

Warf alishika njia mbili. Kwanza aliilinganisha mirija ya bei kubwa iliyotoka Marekani na mirija ya Chhabra iliyotengenezwa India, iliyouzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ile. Uchunguzi huo, uliotolewa mwaka wa 2005, ulihusu watoto 195, na katika muda wa mwaka mmoja haukuonyesha tofauti ya maana kati yao. Pili alitafuta namna ya kuwaepusha watoto na mrija kabisa. Kwa chombo chembamba chenye taa na kioo alitoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, na papo hapo akaiunguza tishu inayoyatengeneza maji hayo ili yapungue. Wazo la kuiondoa tishu hiyo halikuwa jipya. Walter Dandy wa Baltimore alilijaribu mwaka wa 1918, likaachwa kwa sababu ya hatari zake. Mbale ililifufua na kuliunganisha na lile la kutoboa. Mwaka wa 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uganda juu ya watoto wachanga 100, kati ya njia hiyo na njia ya mrija. Baada ya miezi 12 hapakuonekana tofauti kubwa katika ukuaji wa akili zao. Kwa mama wa kijijini, kulingana huko kulikuwa ushindi, kwa maana mwanawe alirudi nyumbani bila kitu cha kuziba. Warf aliondoka Mbale mwaka wa 2006, na kazi ikaendelezwa na wapasuaji wa Uganda, akiwamo daktari John Mugamba. Na tangu hapo madaktari wa nchi nyingine wamekwenda Mbale kujifunza.

Wako watakaosema kwamba habari hii ya tatu huzibatilisha mbili za kwanza, kwa kuwa hekima ya mwisho ilikuwa kukiacha chombo. Si hivyo. Wako watoto wasiofaa kwa njia ya Mbale, na hao mrija ndio tegemeo lao mpaka leo. Funzo lililo sahihi ni kwamba chombo cha tiba huzaliwa na mahali pake: na mtoto fulani, ugonjwa wa namna fulani, barabara na nauli na umbali fulani. Anayekijua mahali hapo ndiye awezaye kukirekebisha, hata kama cheti chake ni cha kazi nyingine.

Jambo hili lina uzito kwa vyuo vyetu. Mwanafunzi huulizwa mapema atakuwa nani, akapangwa katika safu, na ukuta ukajengwa kati ya safu moja na nyingine. Anayesomea udaktari haingii karakana. Anayesomea uhandisi haingii wodi. Na fundi ambaye hakusoma chuoni haingii kokote. Gerezani, Dar es Salaam, wako mafundi wenye kukata, kuchonga na kurekebisha vyuma kwa ustadi, tena kwa kubahatisha vifaa. Na si mbali na hapo, katika wodi za Muhimbili, wako watoto waliolazwa na mirija iliyoziba. Umbali kati ya sehemu hizo mbili kwa miguu si mkubwa. Holter aliuvuka umbali kama huo kwa sababu mwanawe alikuwa kitandani, naye daktari hakumfungia mlango. Si haki kungoja kila mara mtoto wa fundi augue ndipo fundi akaribishwe.